Muuaji Niliyembadilisha Njiani

Usiku niliorusha sehemu ya 42, ambayo ndiyo ya mwisho, simu yangu haikutulia. Wasomaji wa kundi langu la WhatsApp walimimina makopa na vidole gumba. "Mtunzi umeua!" "Sikutegemea kabisa!" "Yaani mlinzi? Mlinzi huyu huyu mpole?" Nilikuwa nimekaa sebuleni na chai iliyokwishapoa, nacheka peke yangu. Katikati ya shangwe ile ukaingia ujumbe wa pembeni. Ulitoka kwa mzee mmoja wa Tabora, mstaafu wa reli, ambaye kwa miezi mitatu na ushee alikuwa haandiki chochote kundini zaidi ya neno moja kila baada ya kulipia: "Nimetuma."

Aliandika hivi: "Mwanangu, hongera kwa kumaliza kazi. Ila yule mlinzi hakuua. Sehemu ya 9 Jumanne jioni alikuwa hapa stesheni Tabora, anakwenda likizo kwao Kigoma. Bosi kafa Dar usiku huo huo. Kwenye treni umempandisha wewe."

Nilizima data nikalala. Asubuhi nilifungua sehemu ya 9. Mlinzi alikuwa palepale nilipomwacha, stesheni, anampigia mkewe simu huku amezungukwa na wauza asali.

Naandika makala haya kwa sababu kosa lile halikuwa la kusahau tu. Lilikuwa limenifunulia jambo kuhusu riwaya zetu za kipelelezi na namna tunavyoziuza, na nimetumia muda mrefu kuzisoma upya riwaya za waliotutangulia ili nilielewe.

Kwanza niseme lilivyotokea. Katika mpango wangu wa awali muuaji alikuwa mhasibu. Nilikuwa nimempanga tangu siku ya kwanza. Sehemu ya 2, katika mazungumzo ya kupita, mtu analalamika kwamba duka la vifaa vya ujenzi la mtaani halifunguliwi Jumapili. Sehemu ya 4, mhasibu anawaonyesha polisi risiti ya duka hilo kuthibitisha alikokuwa siku fulani. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Sikusema zaidi ya hapo. Niliiacha risiti ile mezani kama mtu anavyosahau funguo, nikaendelea na mambo mengine. Nilitaka msomaji aikumbuke sehemu ya 40 na kujipiga kofi la paji la uso.

Sehemu ya 17, msomaji mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, akaandika kundini: "Ni mhasibu. Rudini kwenye risiti. Jumapili lile duka linafungwa."

Kundi lilikuwa na watu 180 wanaolipa shilingi 1,000 kwa wiki. Ukitoa bando, makato ya kutolea pesa na wale wanaoahidi kulipa mwisho wa mwezi, hiyo ndiyo iliyokuwa kodi yangu ya nyumba na chakula changu. Niliposoma ujumbe ule nilihisi kuibiwa. Nikajiambia: wakishajua, nani atalipia wiki ijayo? Usiku ule nikachukua daftari la mpango, nikampiga mhasibu mstari, nikaanza kumtafuta muuaji mwingine. Mlinzi alikuwa mpole na hakuna aliyemtaja. Nikampa kisu.

Sehemu zilizofuata zilikuwa za moto. Kila moja iliishia mahali pabaya: mlango unagongwa, taa inazimika, simu inaita kwa namba ya marehemu. Wasomaji wa hadithi za mitandaoni wana neno lao kwa hali ya kukatishwa utamu namna hiyo: arosto. Walilalamika kwamba nawaua kwa arosto, nami nikayachukua malalamiko yao nikayafanya tangazo. Nilitengeneza bango lenye damu na maneno "Hutamjua muuaji mpaka sehemu ya mwisho." Ilikuwa kweli. Hata mimi nilikuwa simjui vizuri.

*

Baada ya ujumbe wa Tabora nilirudi kwa Muhammed Said Abdulla. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, na ndiyo iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake, katika fasihi ya Kiswahili. Mtu anakutwa amekufa penye mzimu, na watu wana jibu tayari mikononi: mzimu. Bwana Msa halikubali jibu hilo. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alimuona nani, nani anafaidika.

Tunajua kwamba Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes, na wahakiki wameshaandika mengi juu ya hilo. Kilichonishika safari hii ni kingine. Swali la Bwana Msa linahusu jambo lililokwisha kutokea. Maiti ipo tangu mwanzo. Ukweli wote ulishatimia kabla mpelelezi hajafika, nao hauwezi kubadilika. Kinachobadilika ni ujuzi wetu tu. Hilo ndilo ninaloliita fumbo. Mwandishi wa fumbo ni kama mtu aliyezika kitu uani kisha akakukabidhi jembe. Anaweza kukuzungusha uani mchana kutwa, lakini hana ruhusa ya kukifukua usiku na kukizika kwingine.

Halafu nikamfungua Aristablus Elvis Musiba. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, na humo tunaye Willy Gamba, jasusi wetu mwenye bastola, suti na bahati kwa wanawake. Dar es Salaam ya wakati huo ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa hiyo habari za majasusi wa makaburu hazikuwa ndoto za mchana kwa wasomaji wake. Swali la Willy Gamba linahusu jambo ambalo bado halijatokea. Atafika kabla ya bomu? Atatoka Kinshasa akiwa hai? Hii ndiyo taharuki. Hapa mwandishi ana uhuru mwingi zaidi, kwa sababu kesho haijaandikwa. Akitaka kumleta adui mpya sura ya kumi, anamleta. Msomaji hakuahidiwa jembe, aliahidiwa mbio, nazo anazipata.

Ben Mtobwa alisimama katikati ya hawa wawili. Joram Kiango wake si mtumishi wa serikali kama Willy Gamba. Ni mpelelezi wa kujitegemea, na mara nyingi anaanza na fumbo kabla hajaingia kwenye mbio. Katika Tutarudi na Roho Zetu? mbio zimeshika usukani, na adui ni yule yule wa kusini. Lakini Mtobwa hakosi kutukumbusha kwamba Joram anafikiri. Huo ni ustadi ambao tunausifu kidogo mno, kwa sababu riwaya hizi zilikwishatupwa kwenye kapu la "fasihi pendwa", na kapu hilo husomwa kwa haraka hata na wanaolipenda.

Kwa hiyo tuna mapokeo mawili, na mimi nilikuwa nimeyachanganya bila kujua. Nilianza kuandika kama mjukuu wa Bwana Msa. Sehemu ya 17 nikashtuka, nikakimbilia kwa Willy Gamba, lakini nikaendelea kumuuzia msomaji kitu kwa jina la fumbo. Taharuki inaruhusu mwandishi kubadili kesho. Mimi nilibadili jana.

*

Marafiki zangu waandishi niliowasimulia walinitetea. "Soko ndilo lilivyo," alisema mmoja. "Enzi za Musiba mtu aliandika kitabu kizima ndipo akauza. Sisi tunauza kabla wino haujakauka."

Ni utetezi mzuri, lakini hausimami. Kwanza, wale wazee walikuwa wachuuzi kama sisi, pengine kutuzidi. Musiba alikuwa mfanyabiashara, na baadhi ya vitabu vyake vilitoka chini ya Continental Publishers. Mtobwa alianzisha Heko Publishers. Walijua bei ya karatasi na walijua msambazaji asiyelipa ni mtu wa aina gani. Hata uamuzi wa kuwa na shujaa mmoja katika vitabu vingi ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua kuuza: jina la Willy Gamba kwenye jalada lilitosha kumwambia msomaji anapata nini kwa pesa yake. Njaa ya mwandishi wa Kiswahili haikuletwa na simu janja.

Pili, kuuza hadithi kwa vipande ni jambo la zamani. The Moonstone ya Wilkie Collins, mojawapo ya riwaya za mwanzo kabisa za kipelelezi kwa Kiingereza, ilitoka kipande kwa kipande kila wiki katika jarida la Charles Dickens, All the Year Round, kuanzia Januari hadi Agosti 1868. Jiwe la thamani linaibiwa usiku. Mapema tu msomaji anaambiwa kuna mahali rangi mbichi ya mlango imechafuka, kwa hiyo kuna nguo fulani yenye doa. Msomaji wa 1868 alibeba doa hilo kichwani kwa miezi. Alikuwa na arosto kama wasomaji wangu, na hakuna shaka wengine walikisia. Lakini rangi ile haikuhamishwa mlango.

Halafu kuna Arthur Conan Doyle, ambaye wengi humtaja wanapotaka kuthibitisha kwamba hata wakubwa waliwasikiliza wasomaji. Ni kweli: alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wakakasirika, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Lakini tazama alivyomrudisha. Katika hadithi ya kifo, Watson haoni maiti. Anaona nyayo zinazoelekea kwenye maporomoko ya maji na hazirudi, anaona barua, basi. Miaka kumi baadaye Doyle aliweza kumtoa Holmes pale bila kufuta hata mstari mmoja wa alichokwisha kuandika. Maelezo yake yana kamba nyembamba, wengine wamemcheka, lakini hakumwambia msomaji kwamba alichokisoma hakikuwepo. Mlango aliopitia alikuwa ameuacha wazi.

Mimi mlango wangu ulikuwa umefungwa kwa treni.

*

Nilipofika hapo nililazimika kujiuliza swali lililoniuma zaidi. Kwa nini niliogopa kukisiwa?

Nilirudi kwenye kundi nikasoma mazungumzo ya wiki ile ya sehemu ya 17. Nilikuwa nakumbuka kwamba mwanafunzi yule "aliharibu" hadithi. Maandishi yalinieleza kingine. Baada ya ujumbe wake watu waliingia kwenye ubishi ambao haujawahi kutokea kundini. Mmoja alisema risiti inaweza kuwa ya kughushi ili kumsingizia mhasibu. Mwingine alihesabu siku kwa kalenda. Fundi cherehani mmoja wa Mwanza alirudi kusoma upya sehemu zote kumi na saba, akaleta kidokezo ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekiweka kwa bahati mbaya. Hakuna hata mmoja aliyeacha kulipa wiki ile, na daftari langu la malipo linaonyesha hivyo.

Walianza kupungua baadaye, kuanzia sehemu ya 25. Nilipotazama majina, waliotoweka ndio wale wale waliobishana. Fundi cherehani alitoka kimya sehemu ya 28. Mwanafunzi wa uuguzi alibaki, ila hakuandika tena kitu. Waliojaa mahali pao walivutwa na lile bango la damu, na wao ndio waliopiga shangwe sehemu ya 42. Siwadharau, walilipia mbio, wakapata mbio. Lakini nilikuwa nimewabadilisha wasomaji wangu kama nilivyombadilisha muuaji, tena nikiamini kwamba nawalinda wasichoshwe.

Hapa ndipo naona sisi waandishi wa kipelelezi tumejidanganya, na wahakiki wametusaidia kujidanganya. Tumekubali kwamba sifa kubwa ya riwaya hizi ni "kutotabirika". Tunaliandika neno hilo nyuma ya majalada. Tunalitaka kwenye maoni ya wasomaji. Lakini hakuna kitu rahisi kama kutotabirika. Mtu yeyote anaweza kutotabirika akiamua kusema uongo. Ningeweza kumfanya muuaji awe mchungaji, au mbwa wa jirani, na hakuna ambaye angebashiri. Kazi ngumu ni kumfanya msomaji akose jibu huku likiwa mbele ya macho yake, na kazi hiyo ina gharama yake: ukiliweka mbele ya macho ya watu 180, mmoja ataliona. Akiliona, maana yake uliliweka. Mwanafunzi yule alikuwa uthibitisho pekee niliokuwa nao kwamba risiti yangu ilifanya kazi.

Kuna kipimo kingine ambacho bango langu halikukifikiria, nacho ni kusomwa mara ya pili. Ukipita kando ya barabara kule Posta ambako vitabu vya mitumba hutandikwa chini, ukaikuta Mzimu wa Watu wa Kale iliyochakaa, huwa imepita mikono mingi. Wengi wanaoinunua leo walishaisoma shuleni. Muuaji wanamjua. Wanataka kuona tena namna Bwana Msa alivyomkamata na namna wao walivyopitwa. Riwaya iliyobebwa na mshangao peke yake huwa imekufa siku ileile inapomalizika. Ya kwangu ilikuwa hivyo. Nilijaribu kuisoma upya na sikuweza kupita sehemu ya 20, kwa sababu kila kidokezo kilichotangulia kilikuwa kinamnyooshea kidole mtu ambaye mwisho wake alipewa pole na polisi.

*

Sasa kuna suala la kitabu. Nilikuwa nimekwisha kuongea na mchapaji kuhusu nakala 300 na malipo ya awali nilitoa. Jalada lilikuwa tayari, lina tochi ya mlinzi na kivuli chake ukutani. Njia nyepesi ilikuwa kufuta stesheni ya Tabora katika sehemu ya 9. Aya mbili tu. Mlinzi angekosa likizo na kubaki Dar. Nilizifuta. Nilikaa na faili hiyo siku mbili. Treni ilikuwa imeondoka, lakini risiti ya Jumapili ilibaki, na kuhusu risiti sikuwa na maelezo yoyote isipokuwa kwamba niliiweka halafu nikaogopa.

Nilizirudisha aya zile mbili. Kisha nikaandika upya kila kitu kuanzia sehemu ya 18, sehemu 25, na muuaji ni mhasibu. Imenichukua miezi miwili ambayo haikuwa na mapato, na jalada lenye tochi nimelilipa bure. Kitabu kitauzwa shilingi 12,000 na nitakibeba mwenyewe kwenye begi kama kawaida. Nyuma ya jalada sikuandika kwamba hutamjua muuaji mpaka ukurasa wa mwisho. Nimeandika kwamba kila unachohitaji ili kumjua kimo katika kurasa 60 za mwanzo. Rafiki yangu mmoja anasema hilo ni tangazo baya, litamkimbiza mnunuzi. Huenda. Tutaliona sokoni.

Sehemu hizo 25 nimezirusha bure kwa wote waliolipia mfululizo, pamoja na maelezo ya nilichokifanya. Wengine wamenitukana. Mmoja ameandika kwamba kama muuaji anabadilika baada ya watu kulipa, basi na pesa zao zibadilike zirudi. Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nimemrudishia za wiki nne, ndizo nilizokuwa nazo. Mwanafunzi wa uuguzi, ambaye sasa yuko kwenye mafunzo ya vitendo, alituma kopa moja. Sijui kama ni la kunisamehe au la kunisuta.

Mzee wa Tabora alichukua siku tano. Alinipigia, mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

"Nimesoma," alisema. "Mhasibu ndiye."

"Shikamoo mzee. Ndiye."

"Marahaba. Mimi nilikuwa najua tangu risiti. Mke wangu pia." Akanyamaza kidogo, nikasikia redio kwa mbali. "Sasa hicho kitabu kikitoka, nitumie viwili kwa basi. Yeye hapendi kusubiri nimalize."